Ndege wa Amani na Watu Waliowatazama

Milima ya Usambara ya Mashariki imeinuka kutoka nyika ya Muheza, si mbali na bahari. Apandaye kwa njia ya Sigi huiacha minazi na michungwa chini yake, na mara huingia katika msitu ambao ndani yake mbingu haionekani ila kwa vipande vipande. Pepo zitokazo baharini hupiga ubavu wa milima ile na kuiachia mvua, karibu milimita 2,000 kwa mwaka hapo Amani, na kwa sababu hiyo msitu wa huko umedumu muda mrefu mno, hata nchi za kandokando zilipopatwa na ukame wa vizazi vingi. Nyika imekuwa kama bahari, na milima kama visiwa. Ndege wa msituni asiyependa jua hathubutu kuivuka nyika. Alikaa pale pale, yeye na wazao wake, hata akafarakana na jamaa zake wa milima mingine kwa rangi, kwa mdomo, na kwa sauti. Hiyo ndiyo sababu Usambara ina ndege na miti isiyopatikana mahali pengine duniani, au ipatikanayo mahali pawili patatu tu.

Kwa ajili ya ndege hao watu hutoka Ulaya na Marekani, wakapanda mpaka Amani na darubini shingoni, wakaamka alfajiri na kusimama kimya chini ya miti. Wenyeji wengi huiona kazi hii kuwa mchezo wa wenye fedha: mtu mzima amngoje saa mbili ndege asiyemla wala kumfuga! Lakini kutazama ndege hapa Usambara kuna historia ya zaidi ya miaka mia moja, na haikuwa kazi ya wageni peke yao hata siku moja. Katika habari zilizoandikwa upande mmoja umetajwa sana, na upande wa pili umetajwa kidogo. Nitajaribu kuzitaja zote mbili.

Kabla ya mgeni ye yote kuja na daftari, ndege walikuwa na majina. Katika Kiswahili, na katika lugha za jirani kama Kisambaa, Kibondei na Kizigua, majina mengi ya ndege yametoka katika sauti zao. Hondohondo, dudumizi, kororo: alisemaye jina hili amekwisha kumwiga ndege mwenyewe. Desturi hii si ya bure. Msituni macho hayafiki mbali. Majani ni mazito, na ndege wadogo hukaa juu kabisa penye mwanga. Mtu wa msituni humjua ndege kwa sikio kwanza, na jicho huja baadaye kama shahidi wa pili. Wageni wengine wa zamani walilaumu lugha zetu wakisema ya kuwa ndege kumi wadogo wa rangi ya majani huitwa kwa jina moja. Ni kweli kwamba huitwa hivyo. Walakini watu hutia majina mahali penye haja. Dudumizi akilia, mkulima hutazama mawingu, maana husemwa kwamba anaita mvua. Babewana akilia juu ya nyumba, watu huogopa kifo. Kororo ni nyama. Ndege asiyekula mtama, asiyetabiri neno, wala kuingia chunguni, aliachwa na jina la jamaa yake. Wasomaji wa gazeti hili watakumbuka kwamba katika kitabu cha Mwanzo kazi ya kwanza aliyopewa Adamu juu ya wanyama na ndege ni kuwapa majina, wala hatuambiwi aliwapa mangapi kwa siku moja.

Wageni wa kwanza walioandika habari za Usambara hawakutafuta ndege. Johann Ludwig Krapf alipofika kwa mfalme Kimweri mwaka 1848 shabaha yake ilikuwa Injili. Baada yake wakaja wafanya biashara, kisha Wadachi wakaitwaa nchi. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona katika milima ile ua dogo la rangi ya zambarau, limekaa kwenye miamba yenye kivuli. Akalipeleka kwao Ujerumani, na mwaka 1893 mjuzi wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia, kwa heshima ya aliyelipeleka. Leo limo katika madirisha ya nyumba nyingi sana za Ulaya na Marekani. Wasambaa walikuwa wakiliita dughulushi. Nalitaja ua hili katika habari za ndege kwa sababu moja: bwana huyo alikijua Kiswahili vema, hata kitabu chake cha kufundishia lugha hii kilipigwa chapa mwaka 1890, miaka miwili kabla ya ua. Basi kuijua lugha ya watu na kuyahifadhi majina yao si jambo lile lile.

Mwaka 1902 Wadachi walijenga Amani chuo kikubwa cha kuchunguza mimea na kilimo. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann, aliyesafiri zamani pamoja na Emin Pasha. Walileta miche na mbegu kutoka Asia, Amerika na visiwa vya mbali, wakaipanda ubavuni mwa mlima ili wajue ni upi utakaoleta faida: mikwinini, mipira, kahawa, viungo, mbao. Reli nyembamba ilijengwa kutoka Tengeni mpaka Sigi, na kutoka hapo watu wakapanda kwa miguu. Stesheni ile ya Sigi ndipo wageni wa siku hizi wapokelewapo. Ndege hawakuwa shauri kuu la chuo. Lakini palikuwako mjuzi wa wanyama, Julius Vosseler, ambaye kazi yake hasa ilikuwa wadudu waharibuo mazao. Katika siku zake bundi mkubwa wa msitu ule alifika Berlin, na Anton Reichenow akamwandika mwaka 1908 kwa jina la Vosseler. Wajuzi wengine siku hizi humhesabu kuwa ni ukoo mmoja na bundi wa misitu ya magharibi ya Afrika. Kwa watu wa Usambara bundi ni bundi, na husikiwa usiku. Sidhani kwamba kuna mzee aliyemfurahia.

Vita ya 1914 ilipokwisha, Waingereza walikitwaa chuo, kikakaa miaka kadhaa karibu na kufa. Kilipofufuliwa kwa ajili ya nchi zote za Afrika ya Mashariki, mwaka 1928 alikuja Reginald Ernest Moreau. Mtu huyu hakuja kwa ajili ya ndege. Alikuwa karani wa hesabu za jeshi. Maradhi ya viungo yalimfanya atoke Uingereza akakae Misri penye hewa kavu, na huko jangwani alianza kuwatazama ndege bila mwalimu. Hakuwa na shahada ya elimu ya viumbe. Huko Misri alimwoa bibi Winifred, ambaye jina la ukoo wake lilikuwa Bird, maana yake ndege. Watani wangeweza kukaa na jambo hilo mwaka mzima. Hapo Amani aliwekwa kuangalia maktaba na uandishi wa chuo. Kazi ya ndege aliifanya nje ya saa za kazi, naye akaifanya hata majina ya Amani na Moreau yakawa kama jina moja kwa wajuzi wa ndege duniani.

Lakini mtu mwenye maradhi ya viungo hapandi mibamba kila siku. Pale ndipo anapoingia Salimu Asmani. Salimu alikuwa msaidizi wa Moreau katika kazi ya msituni: kutafuta viota, kuwajua ndege kwa sauti, kuwapata waliotakiwa kwa uchunguzi. Katika hesabu za wakati ule mtu wa namna hii aliandikwa kuwa mtumishi. Mimi naona neno hilo halitoshi. Kutafuta kiota katika msitu wa Usambara si kazi ya mikono tu. Lazima mtu ajue ndege gani hujenga mwezi gani, katika mti gani, kwa urefu gani. Lazima avumilie kimya. Tena lazima aseme kweli, maana Bwana aliyekaa mezani hana njia ya kuujua uongo. Kitabu kizima chaweza kupotoka kwa shahidi mmoja mvivu. Moreau alilijua jambo hilo, naye alitumia pia watu waliokaa kwa zamu karibu na kiota tangu asubuhi hata jioni, wakihesabu mara ngapi ndege mzazi alileta chakula. Hesabu zile alizipiga chapa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wajuzi wa Ulaya walistaajabu, kwa kuwa hata kwao ni wachache waliokuwa wamemtazama ndege kwa uvumilivu wa namna ile.

Habari ya hondohondo ni mfano mzuri, nami nitakaa nayo kidogo. Hondohondo wa Amani, yule mkubwa mwenye mashavu ya rangi ya fedha, hutaga ndani ya tundu la mti mrefu. Wakati ukifika jike huingia tunduni, na mlango huzibwa kwa udongo. Dume humeza udongo, huuchanganya na mate tumboni, kisha huutapika vidonge vidonge na kumpa mkewe, naye huuziba mlango kutoka ndani mpaka ubaki ufa mwembamba tu. Humo hukaa miezi mitatu na zaidi, kama mwali awekwaye ndani, wala hatoki mpaka kinda limekua. Muda wote huo dume hulisha yeye peke yake, akija na matunda kooni na kuyatoa moja moja. Moreau na mkewe waliipiga chapa habari hii mwaka 1941, na katika hesabu za kiota cha namna hii imekadiriwa kwamba dume mmoja huleta matunda 24,000 katika muda wa siku 120. Nani aliyeketi chini ya mti ule siku zile zote? Majina mawili ndiyo yaliyo juu ya makala, la bwana na la bibi. Sisemi kwamba ni dhuluma kuu. Ndiyo desturi ya wakati ule, na huenda desturi hiyo haijaisha. Lakini mwalimu afundishaye habari hizi darasani hana sababu ya kumwacha Salimu nje ya mlango.

Angalia majina yaliyobaki. Mwaka 1931 W. L. Sclater alimwandika ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, aliyepatikana Amani, akamwita kwa jina la Moreau. Kwa Kiingereza ndege huyu ameitwa mshonaji, kwa kuwa wafananao naye wa Asia hushona majani wapate kiota. Mwaka 1933 ndege mwingine, chozi wa milima, alipata jina la Moreau vile vile. Mwaka 1938 Moreau mwenyewe alimwandika ndege wa milima ya Uluguru akampa jina la mkewe Winifred. Katika aina za ndege ambazo wageni huzitafuta Usambara hakuna iitwayo kwa jina la Salimu. Jali Makawa, mtu wa Nyasa aliyefanya kazi kama ile pamoja na C. W. Benson kusini, alipata heshima hiyo: ndege aliyempata mwaka 1964 katika nchi iliyoitwa Zambia mwaka ule ule aliitwa makawai. Hata hivyo ndege yule alionekana mara moja tu, mmoja tu, na uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba yaelekea hakuwa aina ya peke yake. Heshima yenyewe imekuwa kama deni la mtu aliyefilisika.

Sitaki msomaji adhani kwamba Moreau aliwadharau watu waliomzunguka. Kinyume chake, aliwasikiliza kuliko wengi wa rika lake. Mwaka 1941 aliandika habari za utani katika makabila ya Tanganyika, na tena mwaka 1944 katika gazeti la elimu la London; wachunguzi wa desturi wanazitumia makala hizo mpaka leo. Mwaka 1942 aliandika juu ya majina ya ndege katika sehemu hii ya Afrika ya Mashariki, jambo ambalo sisi wenyewe, tuliozaliwa ndani ya lugha hizi, hatukuwa tumeliona kuwa linafaa kuandikwa. Aliyefungua masikio kwa ndege alijifunza kuyafungua kwa maneno pia. Mwaka 1946 aliondoka, akawa mhariri wa gazeti la ndege la Uingereza mpaka mwaka 1960, na mwaka 1966 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya ndege wa Afrika na visiwa vyake, ambacho ndani yake hoja ya milima kuwa kama visiwa imeelezwa kwa kirefu. Alifariki mwaka 1970.

Baada yake Amani ilinyamaza. Uchunguzi wa kilimo ulihamishiwa Muguga, Kenya, na majengo yakatumika kwa uchunguzi wa malaria. Mshonaji mwenye mdomo mrefu hakuonekana tena na mjuzi ye yote hapo Amani kwa karibu nusu karne, mpaka alipopatikana tena karibu na mwaka 1980. Wakati huo alikuwa na ndugu mmoja tu anayejulikana, katika mlima wa Njesi kaskazini mwa Msumbiji, na aliyempata huko mwaka 1945 alikuwa Jali Makawa yule yule. Na huyu wa Njesi naye alipotea, hata mwaka 2001 alipoonwa tena.

Msitu wenyewe ulikuwa umepata majeraha. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashine za kukata mbao zilipanda milimani, kwa msaada wa fedha za kigeni, zikaacha njia pana na mabonde ya udongo mwekundu. Watu walilalamika, wageni na wenyeji, na kazi ile ikasimamishwa. Adui mwingine alikuwa wa kimya. Wadachi walikuwa wamepanda mti ukuao upesi, uitwao Maesopsis eminii kwa jina la Emin Pasha, na Waganda huuita musizi. Matunda yake ni matamu kwa hondohondo. Ndege yule yule aliyesifiwa kwa kumlisha mkewe aliyameza matunda ya mgeni na kuzitawanya mbegu zake kila penye mwanga msituni, hasa palipokatwa mbao, na mti huo ukaenea kuliko alivyodhani aliyeupanda. Siwezi kumlaumu ndege.

Mwaka 1997 serikali ya Tanzania iliufanya msitu wa Amani kuwa hifadhi ya mazingira asilia, wa kwanza wa namna hiyo nchini, wenye eneo la hekta 8,380 pamoja na misitu iliyokuwa ndani ya mashamba ya chai. Kutoka hapo utalii wa ndege ulianza kwa utaratibu: nyumba za wageni, njia zilizowekwa alama, ada, na vijana wa vijijini waliofundishwa kuwaongoza wageni. Ni jambo jema, nami nimewasikia vijana hao wakitaja majina ya Kilatini ya ndege arobaini bila kusita. Lakini palikuwa na gharama, na si haki kuificha. Huko Derema, sehemu inayoiunganisha misitu miwili, watu walikuwa wamepanda iliki chini ya kivuli cha miti kwa miaka mingi. Katika miaka ya 2000 waliambiwa waache mashamba yao, wakalipwa thamani ya mazao. Wengi walinung'unika kwamba malipo yalikuja kwa kuchelewa, au hayakulingana na walichopoteza. Maana iliki huzaa mwaka hata mwaka, na fedha huisha. Padri au mwalimu akaaye katika vijiji vile hawezi kuhubiri juu ya uzuri wa uumbaji bila kuulizwa swali hilo, na yafaa awe tayari kulisikiliza mpaka mwisho.

Kuna jambo la pili lihusulo lugha. Kijana kiongozi hujifunza jina la Kilatini, kisha la Kiingereza, kwa sababu mgeni ataliuliza. Jina la Kisambaa au la Kibondei huulizwa mara chache, basi nalo husahauliwa kwanza. Nimemwuliza kijana mmoja ndege aliyelia bondeni anaitwaje. Akanipa la Kilatini upesi. Nikamwuliza babu yake angemwitaje. Alicheka, akafikiri, akaliiga lile lile lililotoka kinywani mwa ndege, ndipo akagundua kwamba amekwisha kulitaja jina.

Mshonaji wa Moreau ndiye atafutwaye kuliko wote, kwa kuwa ni wachache mno. Wageni wafikapo hutaka kwanza kuingizwa ndani kabisa ya msitu mnene, wakiamini kwamba kiumbe adimu lazima akae mbali na watu. Viongozi huwaambia wasubiri. Ndege huyu hupenda mizabibu na vichaka vilivyosongamana ukingoni mwa msitu na mahali palipoanguka miti, ambapo jua hufika. Na ukingo wa msitu wa Amani uko kando ya njia, karibu na nyumba na mashamba ya chai. Wenye kufyeka wakiisafisha mizabibu ile, yeye hana pa kukaa. Basi wengi waliovuka bahari kwa ajili yake humwona wakiwa wamesimama barabarani, na nyuma yao wachuma chai wanapita na vikapu.